Mzazi mwenye shughuli nyingi: Namna ya kuzoea kuamka alfajiri

Kwa wazazi wengi wa mjini, asubuhi ni vurugu. Mtoto anatafuta soksi, chai haijachemka, basi la shule linapiga honi nje, na wewe hujaoga. Unaapa kwamba kesho utaamka mapema, lakini kesho ikifika unazima alamu ya simu na kuendelea kulala. Usijiite mvivu. Mara nyingi chanzo ni mambo mawili: mwili unadai usingizi uliopungua, na kazi zote za asubuhi zimemwangukia mtu mmoja, ambaye kwa kawaida ni mama. Yote mawili yanarekebishika bila gharama kubwa. Fuata hatua hizi, moja baada ya nyingine.

Niamke saa ngapi?

Usichague saa kwa kuwa umesikia tajiri au mtu maarufu fulani huamka muda huo. Anza na saa ambayo ni lazima mtoke nyumbani, kisha hesabu kurudi nyuma. Tuseme basi la shule hupita saa 12:00 asubuhi, na mtoto huhitaji dakika 40 za kuoga, kuvaa na kunywa chai. Basi yeye aamke saa 11:20. Wewe unataka dakika 50 za utulivu kabla yake, za kusali, kufanya mazoezi, kusoma au kupitia hesabu za duka. Saa yako ya kuamka ni 10:30 alfajiri. Iandike kwenye karatasi na uibandike mahali ambapo kila mtu nyumbani ataiona.

Nilale saa ngapi?

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kila usiku. Ukitaka kuamka saa 10:30 alfajiri, uwe umeshalala ifikapo saa 3:30 usiku. Kupanda kitandani na simu mkononi hakuhesabiki.

Watoto wanahitaji zaidi. Wa miaka 3 hadi 5 wanahitaji saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana. Wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10. Kwa hiyo mwanafunzi wa darasa la tatu anayeamka saa 11:20 anapaswa kuwa usingizini ifikapo saa 2:20 usiku.

Je, kama kazi hukurudisha nyumbani saa 3 usiku? Basi saa 10:30 haikufai kwa sasa. Chagua saa 11:15, na upunguze kazi za asubuhi kama utakavyoelezwa hapa chini. Anayeamka mapema kwa kuupunja usingizi huishia kuwa mkali kwa watoto, kusahau mambo kazini, na kusinzia akiendesha gari au pikipiki. Hiyo ni hasara.

Je, naweza kubadilika mara moja?

Ni vigumu, kwa sababu mwili una saa yake ya ndani inayoamua lini usikie usingizi na lini uchangamke. Wanasayansi 3 wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kugundua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli, yaani vile vijisehemu vidogo kabisa vinavyojenga mwili. Saa hiyo hukubali kusogezwa, lakini kidogo kidogo.

Sogeza muda wa kuamka kwa dakika 15, ukae hapo siku 3 au 4, kisha usogeze tena. Muda wa kulala nao usogee kwa dakika hizohizo. Aliyezoea kuamka saa 12:00 asubuhi na anataka 10:30 ana hatua 6 za kupiga, sawa na wiki tatu hivi. Jumamosi na Jumapili usipitilize muda huo kwa zaidi ya saa moja, la sivyo Jumatatu utajikuta unaanza upya.

Mwanga unasaidiaje?

Giza likiingia, mwili hutoa melatonini. Hii ni homoni, maana yake kemikali inayosafiri kwenye damu kupeleka ujumbe, na ujumbe wake ni kwamba wakati wa kulala umekaribia. Mwanga mkali wa taa, televisheni au simu huizuia. Saa moja kabla ya kulala, punguza taa na uweke simu pembeni. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku unaweza kuitazama. Tamthilia inayofuata ndiyo ya kuiacha.

Asubuhi fanya kinyume chake. Katika pwani ya Afrika Mashariki jua huchomoza kati ya saa 12:00 na saa 12:30 hivi mwaka mzima, kwa hiyo saa 10:30 bado ni giza. Washa taa mara tu unapoamka. Jua likichomoza, toka nje kwa dakika 15 hadi 30: fagia uwanja, mwagilia mboga, au msindikize mtoto kituoni kwa miguu. Mwanga wa asubuhi ndio unaoifundisha saa ya mwili kwamba siku imeanza.

Jioni niandae nini?

Kila dakika unayotumia jioni ni dakika utakayokuwa nayo asubuhi. Piga pasi sare, pangeni viatu na soksi pamoja, na mabegi yakiwa yamefungwa yakae karibu na mlango. Jaza ndoo za kuogea, hasa kama maji ya bomba kwako ni ya mgao. Menya viazi vitamu au mihogo jioni na uiloweke kwenye maji, ili asubuhi kazi iwe kubandika tu. Pima unga wa uji uuweke tayari.

Chakula cha usiku kiliwe muda wa saa 2 au 3 kabla ya kulala, kwani tumbo lililojaa hukugeuza-geuza kitandani. Chai na kahawa zina kafeini, kitu kinachofukuza usingizi, na zikipita saa 5 hivi takriban nusu yake huwa bado iko mwilini. Kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa 9 alasiri. Chai ya maziwa nayo imo, kwa kuwa majani ni yaleyale. Usiku kunywa maziwa matupu au maji ya moto yenye mchaichai.

Kama joto ni kali, oga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala na ufungue dirisha lenye wavu. Lala ndani ya chandarua. Kinakukinga na malaria, na pia kinakuepusha na mbu anayekuamsha usiku wa manane.

Itanigharimu kiasi gani?

Karibu kila kitu hapa ni bure. Alamu iko kwenye simu yako. Iache simu upande wa pili wa chumba, ili ulazimike kusimama kwenda kuizima, na ukishasimama usirudi kitandani. Kama simu janja hukuvuta mitandaoni usiku, ichaji sebuleni na utumie simu ndogo ya kitochi chumbani. Kitochi kikuukuu kinatosha, na chaji yake hukaa siku kadhaa hata umeme ukikatika. Kama hakuna, tafuta saa ndogo ya mezani yenye kengele kwenye maduka ya saa au kwa wamachinga. Kitu kingine cha kufikiria ni chupa nzuri ya chai: maji ya moto yaliyowekwa usiku huharakisha uji wa alfajiri na kuokoa gesi au mkaa.

Nani afanye nini?

Hapa ndipo nyumba nyingi hukwama. Mama akiamka saa 10 peke yake huku wengine wote wakilala, hatadumu. Gaweni kazi kwa majina. Baba anaweza kuwaogesha watoto na kuwapeleka kituoni. Mtoto wa miaka 7 anaweza kutandika kitanda chake na kung'arisha viatu. Mwenye miaka 12 anaweza kumvalisha mdogo wake.

Kama mna dada wa kazi, mkumbukeni. Yeye huwa wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka, nao mwili wake unahitaji saa zilezile 7. Akikesha akiosha vyombo hadi saa 5 usiku, mwacheni apumzike asubuhi, au vyombo vioshwe na waliokula.

Nina mtoto mchanga, nifanyeje?

Ahirisha mpango huu. Mtoto wa miezi ya mwanzo huamka usiku kunyonya, na hilo ni jambo la kawaida. Lala anapolala, hata mchana, na mwombe baba au bibi ambebe alfajiri ili upate usingizi wa mfululizo. Anza mtoto akishatulia usiku. Kwa wazazi wengine wote, usingizi mfupi wa mchana unaruhusiwa, ila usizidi dakika 30 na uwe kabla ya saa 9 alasiri.

Ni lini niende hospitali?

Nenda ukiona unalala saa 7 na zaidi lakini bado unaamka umechoka. Ukikoroma sana na mwenzio akasema pumzi hukatika usingizini. Ukiamka mara nyingi usiku kwenda kukojoa, jambo linaloweza kuwa dalili ya kisukari. Au ukikosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki kwa muda wa miezi 3. Huzuni isiyokwisha baada ya kujifungua nayo ni sababu tosha ya kwenda. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, watakupa rufaa ikihitajika. Beba kadi ya bima kama unayo, na kama huna, uliza gharama za kumwona daktari kabla ya kuanza. Usinunue dawa za usingizi bila cheti cha daktari, kwani baadhi huzoeleka na kuziacha ni kazi.

Sasa anza. Leo baada ya chakula cha usiku, kaeni wote pamoja kwa dakika 10 na karatasi moja. Andikeni saa ya kutoka, saa ya kuamka na saa ya kulala ya kila mmoja, kisha jina mbele ya kila kazi ya asubuhi. Mzazi mmoja anaweza kujilazimisha kuamka alfajiri kwa wiki moja. Nyumba iliyogawana kazi na kulala mapema inaweza kufanya hivyo miaka yote.