Ubakaji si zinaa: Swali la kwanza tunamuuliza nani?

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alinijia baada ya darsa ya Alasiri. Binti yake, mwanafunzi wangu wa madrasa mwenye umri wa miaka 14, alikuwa hajaonekana darasani kwa wiki tatu. Mama akanieleza kwa sauti ya chini kwamba binti alitumwa dukani wakati wa Magharibi, akavutwa ndani na mtu ambaye familia inamfahamu vizuri, akafanyiwa alichofanyiwa. Na mimi, mwalimu wa dini ninayesimama mbele za watu kufundisha haki na dhulma, swali la kwanza lililonitoka kinywani lilikuwa: “Saa hizo alikuwa anatafuta nini huko?”

Mama hakujibu. Aliinamisha kichwa, akaniaga, akaondoka. Siku ya pili nilikwenda kumuomba radhi. Nikaambiwa mambo yameshamalizwa kifamilia, pesa imetolewa, na binti amepelekwa kwa bibi yake mkoani. Madrasa aliacha. Yule mtu naye aliendelea na shughuli zake kama kawaida.

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili kumsema mtu. Nimeandika kwa sababu lile swali langu ndilo swali la wengi wetu. Nililitoa mtaani, wala sikulitoa katika kitabu chochote cha fiqhi. Leo napenda tulitazame kwa mizani ya dini yetu.

Neno na jambo lenyewe

Siku hizi kuna msemo “utamaduni wa ubakaji”. Msemo huu ulianza kusikika Marekani katika miaka ya 1970, ukitumiwa na watetezi wa haki za wanawake. Kwa kuwa umetoka huko, wapo Waislamu wanaoukataa mara moja wakisema hayo ni matatizo ya watu wasio na stara, sisi hayatuhusu.

Sina haja ya kuutetea msemo. Lakini tukiliacha neno, jambo lenyewe tutaliweka wapi? Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa Tanzania Bara karibu wasichana 3 katika kila 10, na takriban mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono wa aina fulani kabla ya kufika miaka 18. Hao hawako New York. Hao ni watoto wa Temeke, wa Tanga, wa Mwanza na wa Mtwara, na miongoni mwao wamo watoto wetu.

Kisha tujisikilize tunavyosema. Binti akikataa, vijana wanacheka: “Hiyo ni sitaki nataka.” Akidhulumiwa, watu wazima wanasema: “Kajitakia.” Akilia, shangazi anamwambia anyamaze asije akakosa mume. Maneno haya matatu yanatosha kumlinda mwovu kuliko wakili yeyote. Ukipenda uyaite utamaduni au ujahili, hiari yako. Mimi naona ni ujahili.

Hijabu ni amri, si hati ya ruhusa

Hoja inayotolewa zaidi misikitini ni mavazi. Hebu tuwe waadilifu. Hijabu ni faradhi na hakuna wa kuipunguza. Lakini faradhi ya mwanamke haifuti faradhi ya mwanamme. Katika Surat An-Nur, Allah (s.w.) ameanza na wanaume katika aya ya 30, akiwaamrisha wainamishe macho yao na wahifadhi tupu zao. Aya ya 31 ndiyo inayowageukia waumini wanawake. Ni mara ngapi tumesikia khutba ya aya ya 31, na ni mara ngapi ya aya ya 30?

Mwanamke asiyejisitiri ana hesabu yake kwa Mola wake. Dhambi yake haimhalalishii mtu mwili wake, kama ambavyo mtu asiyetoa zaka hahalalishi mali yake kwa mwizi. Na anayeshikilia kuwa chanzo ni mavazi, atuambie mtoto wa miaka mitano alivaa nini. Atuambie ajuza wa miaka 70 alimtamanisha nani. Atuambie na wale wavulana wanaoharibiwa, wao walipaswa kuvaa nini.

Mwanamke aliyetoka kwenda kuswali

Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kutoka kwa Wail bin Hujr (r.a.), kisa cha mwanamke wa zama za Mtume (s.a.w.) aliyetoka nyumbani kwenda kuswali. Njiani mwanamme akamkamata na kumwingilia kwa nguvu, naye akapiga kelele. Mtu yule akakimbia. Akapita mwingine, mwanamke akadhani ndiye, watu wakamkamata na kumfikisha kwa Mtume (s.a.w.). Ilipokaribia kupitishwa hukumu, yule mkosaji wa kweli akasimama na kukiri. Mtume (s.a.w.) akamwambia mwanamke aende zake, Allah amemsamehe, na yule aliyekamatwa bure akamwambia maneno mema. Wanazuoni wamejadili riwaya za sehemu ya mwisho, kuhusu adhabu aliyopewa mkosaji. Lakini Tirmidhi amepokea pia kuwa mwanamke aliyelazimishwa aliondolewa adhabu, na adhabu ikawa juu ya aliyemlazimisha.

Angalia mambo mawili. La kwanza, katika kisa hiki hatukuti mahali mwanamke alipoulizwa kwa nini alitoka peke yake, wala alivaa nini. La pili, asiye na hatia naye alilindwa. Kwa hiyo wanaosema tukiwasikiliza wanawake tutawaangamiza wanaume wasio na makosa, hawajakisoma kisa hiki mpaka mwisho. Kumsikiliza anayelalamika si kumhukumu anayelalamikiwa. Na wananchi wenye hasira kali wanaokimbilia mawe na matairi nao hawana dalili humu.

Kulazimishwa ni nini?

Hapa ndipo mjadala ulipo. Wengi wanaamini kwamba bila michubuko na nguo zilizochanika hakuna ubakaji, bali ni zinaa ya watu wawili, na mmoja amegeuka. Fiqhi haisemi hivyo. Wanazuoni wetu wana mlango mzima uitwao ikrah, yaani kulazimishwa. Imam Bukhari ametenga kitabu kizima kwa jambo hili, na ndani yake ameweka habari ya Umar bin Khattab (r.a.) alipomwadhibu kwa viboko na kumhamisha mtumwa wa dola aliyemlazimisha kijakazi. Kijakazi hakuguswa, kwa sababu alilazimishwa. Tena huyo alikuwa mjakazi, mtu wa daraja la chini kabisa katika jamii ya wakati ule.

Kuna habari nyingine, ameipokea Bayhaqi. Mwanamke alishikwa na kiu kali jangwani, akamuomba mchungaji maji. Mchungaji akakataa kumpa mpaka akubali kujitoa. Mwanamke akakubali. Akaletwa kwa Umar (r.a.), naye akawataka watu ushauri. Ali (r.a.) akasema huyu alikuwa katika dharura, na aachiwe. Akaachiwa.

Ndugu yangu, hakupigwa huyu, wala hakushikiwa kisu. Hata “ndiyo” aliitamka. Lakini masahaba waliangalia ile “ndiyo” ilitoka wapi, wakaona imetoka kwenye kiu. Sasa mpime bosi anayemwambia msichana wa kazi achague kati ya chumba chake na kufukuzwa. Mpime mwalimu anayeshika matokeo ya mwanafunzi. Mpime anayetoa ajira, anayetoa nauli, anayetoa chakula. Hawa wote wameshika kiriba cha maji mbele ya mtu mwenye kiu.

Wapo pia wanaoleta hadithi ya bikira kuulizwa ruhusa ya ndoa, kwamba idhini yake ni kunyamaza kwake, wakajenga juu yake kuwa kunyamaza ni kukubali popote. Huku ni kuitoa hadithi mahali pake. Pale kuna walii anayeuliza, kuna binti mwenye haya, na kuna halali mbele ya mashahidi. Na katika Bukhari tunasoma kuwa Khansaa bint Khidam (r.a.) alipoozwa na baba yake bila ridhaa, Mtume (s.a.w.) aliibatilisha ndoa ile. Ikiwa ridhaa inatakiwa katika halali, vipi tuiokote kwenye kimya cha binti aliyeganda kwa hofu gizani?

Sheria ya nchi nayo, kwa Tanzania Bara, inakaribiana na hili. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kwamba ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, vitisho au hofu si ridhaa. Kifungu kinasema pia kuwa si lazima kuwepo majeraha mwilini ili kuthibitisha kuwa hakukubali. Na kwa binti aliye chini ya miaka 18 asiye mke wa mtendaji, kukubali kwake hakumwokoi mtendaji.

Mashahidi wanne

Wengine husema: “Alete mashahidi wanne, la sivyo apigwe viboko 80.” Hii ni kupindua aya. Aya ya 4 ya Surat An-Nur inawatishia wanaowasingizia wanawake watwaharifu uzinifu. Imeteremka kulinda heshima ya mwanamke. Leo tunaichukua ngao yake na kumpigia nayo kichwani. Anayelalamika kuwa amedhulumiwa hamsingizii mtu uzinifu, bali anadai haki yake.

Pakistan walipita njia hiyo. Sheria ya zinaa ya mwaka 1979 iliuchanganya ubakaji na zinaa, na wanawake waliofika kushitaki wakajikuta wao ndio washitakiwa, hususan walipopata mimba. Sheria ya mwaka 2006 ndiyo iliyourudisha ubakaji katika kanuni ya adhabu ya kawaida.

Ni kweli kuwa hadd kamili ina masharti mazito ya ushahidi. Lakini Ibn Abdul-Barr, mwanachuoni mkubwa wa Kimaliki, ameeleza kuwa mlazimishaji asiyethibitikiwa na hadd anabaki na adhabu nyingine ya hakimu, na mwanamke aliyelazimishwa hana adhabu. Qadhi Abu Bakr Ibn al-Arabi, aliyefariki mwaka 543 Hijria, alikwenda mbali zaidi. Aliwaona wanaoteka wanawake kwa nguvu kuwa ni katika mahaarib, waharamia wa Surat Al-Maida aya ya 33, akiwashangaa waliodhani uharamia ni wa mali tu.

Na dalili za hali zina nafasi yake. Katika Surat Yusuf, Nabii Yusuf (a.s.) alitakwa na mwanamke aliyekuwa na mamlaka juu yake, akakataa, kisha akasingiziwa. Hapakuwa na shahidi aliyeona. Kilichosema ni kanzu. Ilikuwa imechanika nyuma. Kama kanzu ilitosha kufichua ukweli, cheti cha daktari na vipimo vya maabara tutavidharau vipi?

Kumaliza kifamilia

Sasa turudi kwa yule binti wangu. Waliomaliza kesi walidhani wanasitiri. Lakini mficha uchi hazai, na aliyefichwa pale si binti, ni mkosaji. Wengine huona suluhu bora ni kumuoza binti kwa huyo huyo aliyembaka. Sheria za Morocco ziliacha mwanya huo mpaka mwaka 2014, na Jordan na Lebanon waliuziba mwaka 2017. Huku kwetu mwanya huo haumo katika sheria, umo sebuleni.

Tukumbuke hadithi ya Bukhari na Muslim ya kijana mwajiriwa aliyezini na mke wa mwajiri wake. Baba yake alikuwa amelipa kondoo 100 na mjakazi ili yaishe. Mtume (s.a.w.) aliamuru mali ile irudishwe kwa mwenyewe, na hukumu ya Allah ikapita. Ikiwa katika zinaa ya hiari malipo hayakununua kimya, vipi yakinunue katika dhulma? Kweli Imam Malik katika Muwatta anamlazimisha mbakaji kulipa mahari, lakini hiyo ni haki ya mwanamke juu ya adhabu, haikuwekwa iwe badala yake. Bahasha inayopokelewa na wajomba haimo humo.

Tufanye nini?

Likitokea, Allah atuepushe, binti asioshwe na nguo zisifuliwe. Ziwekwe katika mfuko wa karatasi. Afikishwe hospitali haraka, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72. Polisi kuna fomu ya PF3 na Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa watoto ipo simu 116, haina malipo.

Maimamu waitoe khutba ya aya ya 30. Kamati za misikiti zikatae kuwa mabaraza ya kuzima kesi hizi. Wazazi wawafundishe watoto wa kiume kuwa “sitaki” maana yake ni sitaki. Nasi walimu wa madrasa tukubali kuchunguzwa, kwa sababu kikulacho ki nguoni mwako, na joho halimtakasi mtu.

Na siku mama atakapotujia na sauti ya chini, tumwambie kwanza kuwa mwanawe hana kosa, kama alivyoambiwa yule mwanamke wa Madina. Kisha tuulize: “Ni nani aliyemfanyia?” Mimi neno hilo lilinipita. Namuomba Allah anisamehe, na amfungulie binti yule milango ya kheri popote alipo.

Wallahu a'alam.