Kufufua Rili ya Kuvulia kwa Elfu Ishirini: Somo la Fizikia Juu ya Meza ya Bweni

Rili ni kile chombo kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia ili kukunja na kuachia mshipi. Wavuvi wengi wa pwani yetu wanavua kwa mshipi wa mkononi na wala hawaihitaji. Lakini kwa anayetafuta nguru, kolekole au jodari kwa kukokota chambo nyuma ya boti, rili ndiyo nusu ya kazi. Mpya ya ukubwa huo inaweza kumeza bumu lote siku linapoingia, na bado ukadaiwa.

Rili ninayoizungumzia hapa ni ya mjomba wangu wa Mafia. Ni Penn ya zamani, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Otto Henze mjini Philadelphia mwaka 1932. Aliachiwa na mgeni aliyekuwa akimpeleka kuvua. Miaka ya chumvi ikaigandisha: mkono hauzunguki, breki haishiki. Bila rili yake, mjomba anapanda boti kama baharia wa kutupa nanga na kutoa maji, na mgao wa baharia unajulikana. Muuza vyuma chakavu alishampa bei: elfu tatu. Akanipigia simu: "Mjomba, wewe si unasoma fizikia huko? Itazame kabla kaskazi haijaingia." Nikatenga shilingi 20,000.

Kazi nzima naweza kuifupisha kwa kanuni mbili. Ya kwanza: kila uchafu una kimiminika chake. Ya pili: bana pesa kwenye sehemu zinazong'aa, usibane kwenye sehemu zinazoshika. Ukizielewa hizi, utaweza kufufua rili, cherehani ya mama, hata feni ya bweni.

Kabla ya kufungua

Kwanza tazama, usiguse bisibisi. Zungusha kila kinachozunguka, kisha andika kipi kimeganda na kipi kinacheza. Piga picha kwa simu kila hatua. Tafuta trei la mayai: kila kifaa unachotoa kinaingia kwenye shimo lake, kwa mpangilio. Ukifika mwisho, unarudi kinyumenyume shimo kwa shimo. Trei ni la bure kwa mama wa chipsi.

Mbavu mbili za rili hii ni za bakelaiti, ile plastiki nyeusi ngumu iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Bakelaiti si kama plastiki ya ndoo. Ikishagandishwa kiwandani haiyeyuki tena. Ukiipiga inapasuka, ukiichoma inaungua. Kwa hiyo skrubu ikigoma usiipashe moto wala usiigonge nyundo. Idondoshee mafuta ya taa, iache ilale, asubuhi jaribu tena kwa bisibisi inayojaa vizuri kwenye mfereji wake. Yangu moja ilinichukua siku tatu.

Uchafu wa aina tatu

Ndani ya rili ya baharini kuna chumvi, kuna grisi iliyogeuka lami, na kuna kutu ya kijani ya shaba. Watu wengi wanakimbilia mafuta ya taa moja kwa moja. Hapo kemia ya sekondari inasaidia: mafuta ya taa yanayeyusha grisi, lakini chumvi hayaigusi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na ile iliyokaukia kwenye kona za gia itabaki pale pale chini ya grisi yako mpya. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu wenye chumvi ndio unaoendesha kutu. Utakuwa umepaka rangi nyumba yenye mchwa.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Anza na maji ya bomba ya uvuguvugu: loweka vyuma, badilisha maji mara mbili tatu, kausha. Hapo chumvi imeondoka. Pili, mafuta ya taa na mswaki wa zamani kwa ajili ya grisi. Fanyia nje, mbali na jiko na mtu wa sigara, bwenini hapana. Tatu, siki kwa kutu ya kijani iliyobaki kwenye shaba. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, huku ukisugua. Bibi zetu walisafisha shaba kwa ukwaju na limau, na kazi ni ileile: asidi inayeyusha kutu. Ukimaliza suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, kisha maji matupu, kisha kausha juani. Asidi ukiiacha ndani, itaendelea kula chuma baada ya kutu kwisha.

Sehemu zilizopakwa kromiamu usiziloweke kwenye siki. Chukua karatasi ya alumini ya kufungia chipsi, ikunje, ichovye maji, sugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromiamu, kwa hiyo inaondoa kutu bila kukwaruza. Mng'ao wote nilioupata haukunigharimu hata mia.

Breki: mahali samaki anapopatikana au kupotea

Samaki mkubwa akikimbia, mshipi lazima uachie, lakini kwa kusitasita. Kazi hiyo inafanywa na breki iliyo ndani ya gia kubwa. Ni washa zilizopangwa kama chapati kwenye sahani: ya chuma, ya kitu laini, ya chuma, ya kitu laini. Baadhi ya zile za chuma zinazunguka na gia, nyingine zimeshikwa na mhimili wa mkono. Ukikaza ile nyota iliyo chini ya mkono, unazibana pamoja, msuguano unaongezeka.

Kwa nini washa nyingi? Kwa sababu kila sehemu inayosuguana inaongeza breki yake. Zikiwa tatu badala ya moja, unapata karibu mara tatu ya breki kwa mkazo uleule wa nyota. Ukiongeza upana wa washa bila kubadilisha umbali wake wa wastani kutoka katikati, kwa kanuni ya msuguano tunayofundisha sekondari, hupati faida hiyo. Hapa kuna kipindi kizima cha fizikia.

Washa laini za mjomba zilikuwa zimegeuka unga. Tahadhari: baadhi ya rili za zamani zilitumia washa zenye asibestosi, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Usizipige msasa wala kuzipuliza. Zilowanishe, ziondoe zikiwa mbichi, zifunge kwenye mfuko. Mbadala wake wa bei nafuu ni ngozi, ambayo watengenezaji wenyewe waliitumia kwenye breki za rili zamani. Nilikwenda kwa fundi viatu na washa ya chuma mkononi iwe kipimo. Akakata tatu kutoka kwenye ngozi ngumu ya mkanda, unene sawasawa. Nikazipaka grisi kidogo, nikafuta ya ziada. Ngozi kavu inashika kwa kushtuka, na kushtuka ndiko kunakokata mshipi.

Pale usipobane

Kuna kijichuma kidogo kinachong'ata meno ya gurudumu ili mkono usirudi nyuma. Kinasukumwa na springi ndogo. Ikifa wakati jodari anavuta, mkono wa rili unazunguka kinyume kwa kasi ya kuvunja vidole. Kwenye springi nyingine ndogo, zile za kuachia bobini, unaweza kujishikiza kwa muda na springi ya kalamu iliyopakwa grisi. Kwenye hii, hapana.

Hapo ndipo nilipotumia pesa. Kwa fundi mmoja wa boti maeneo ya Kunduchi nilipata rili ya aina ileile iliyopasuka ubavu, kwa shilingi 5,000. Nikatoa kizuizi na springi yake, vyote vizima. Fundi huyohuyo akanipimia grisi ya boti, isiyosombwa na maji ya chumvi, kwa 2,000. Grisi inakwenda kwenye gia. Kizuizi na ncha za bobini zinataka tone tu la mafuta ya cherehani, maana grisi nzito inakifanya kizuizi kichelewe kung'ata.

Hesabu yangu: siki 1,500, mafuta ya taa 2,000, mafuta ya cherehani 1,500, ngozi na kazi ya fundi viatu 2,000, rili mbovu 5,000, grisi 2,000. Jumla 14,000. Elfu sita zilizobaki zikawa msosi.

Kupima

Chora alama ya chaki kwenye bobini, zungusha mkono mara moja, hesabu. Yangu ilizunguka mara mbili na nusu. Huo ndio uwiano wa gia. Kisha funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza na uvute. Mazoea ya wavuvi wa fimbo ni kuweka breki kwenye theluthi ya uwezo wa mshipi. Mshipi wa mjomba unakatika kwa kilo 15, kwa hiyo niliweka kilo 5. (Mwalimu wa fizikia atasema niutoni 49, na yuko sahihi.)

Kwa nini theluthi, si kilo 12? Kwa sababu nguvu ya kuzungusha inategemea umbali kutoka katikati. Samaki akivuta mshipi hadi kipenyo cha mzingo kibaki nusu, breki ileile inahitaji mvuto mara mbili: kilo 10, nawe hujagusa nyota. Mshipi ukiwa mrefu majini, maji nayo yanauvuta. Ndiyo maana mvuvi anayekaza breki wakati samaki yuko mbali huishia kukunja mshipi mtupu.

Rili ilisafiri kwa basi hadi Nyamisati, ikavuka kwa feri. Mjomba alipiga simu siku ya tatu: "Breki haishtuki." Hakutaja mng'ao. Msimu huu anapanda boti na fimbo yake.

Ile mbovu ya Kunduchi imebaki kwangu. Ubavu wake uliopasuka unaacha gia zote wazi, kwa hiyo nitakwenda nayo kwenye mazoezi ya kufundisha. Gia, msuguano na kutu vyote vimo humo, na inaenea mfukoni.

Zoezi kwa msomaji: kwa mshipi na breki hizo hizo, nini kitatokea kipenyo cha mzingo kikibaki theluthi? Na wewe ungefanya nini na ile nyota kabla ya kufika hapo?