Dawa za Usingizi na Ganzi: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Upasuaji

Mgonjwa anapoandaliwa kwa upasuaji, ndugu zake huuliza habari za daktari atakayempasua, na ni nadra kuuliza habari za mtaalamu wa usingizi. Hata hivyo, mtaalamu huyo ndiye anayelinda pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu hadi mgonjwa anapozinduka.

Dawa zitumikazo ni za aina tatu. Ya kwanza ni ganzi, kama lidokaini, ambayo huzuia mishipa ya fahamu kupeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Mama anayejifungua kwa upasuaji aghalabu huchomwa ganzi ya mgongoni. Hubaki macho na kumsikia mwanawe akilia. Ya pili ni dawa za kutuliza, kama diazepamu, ambazo hupunguza hofu na kuleta usingizi, lakini haziondoi maumivu. Ya tatu ni dawa za usingizi kamili, ambao wengi huuita nusukaputi. Miongoni mwake ni ketamini, ambayo huondoa pia maumivu.

Katika usingizi kamili, koo hulegea na mwili hupoteza uwezo wa kukohoa. Chakula kilichomo tumboni huweza kupanda, kikaingia mapafuni na kusababisha kifo. Kwa sababu hiyo, mgonjwa huagizwa kwa kawaida asile kwa saa 6 wala asinywe maji kwa saa 2 kabla ya upasuaji. Mtoto anyonyaye maziwa ya mama husubiri saa 4. Anayempa mtoto uji kwa siri, hata kwa huruma, huhatarisha uhai wake. Ikiwa mgonjwa amekwisha kula, na isemwe bila kuficha: upasuaji usio wa dharura huweza kuahirishwa.

Mtaalamu aelezwe pia kuhusu pumu, kisukari, shinikizo la damu, mzio, matumizi ya pombe, na dawa zote zinazotumiwa, zikiwemo za miti shamba. Aelezwe vilevile iwapo mgonjwa au ndugu wa damu amewahi kupata matatizo kwa dawa ya usingizi.

Mgonjwa anayeruhusiwa kurudi nyumbani siku hiyohiyo baada ya usingizi asindikizwe na mtu mzima, na kwa saa 24 asiendeshe pikipiki wala gari, asinywe pombe, wala asitie saini mkataba wowote.