Pikipiki Imegoma Ikiwa na Gia: Sikiliza Kwanza, Fungua Baadaye

Ukipanda bodaboda sana kati ya Katoro na Nyarugusu, au Kahama na Kakola, utakutana na jambo hili. Pikipiki inazima kilimani ikiwa gia ya tatu. Dereva anakamata klachi, anabonyeza stata: kimya. Anaanza kuitafuta nyutro kwa mguu, abiria yuko mgongoni, na roli la mchanga linapanda nyuma yao. Akiipata nyutro, stata inaitika hapo hapo. Anaondoka huku akisema, "Hii ndivyo ilivyo." Mara nyingi sivyo ilivyo. Kuna kitu kimekufa, na kinatafutika.

Wanajumuiya wenzangu, hasa tunaosomea ualimu, somo hili linatuhusu. Huku Shinyanga na Geita shule nyingi za vijijini zinafikika kwa pikipiki, na vijana wengi tutakaowafundisha wataishia kijiweni wakiendesha pikipiki ya mtu. Siku ikishinda kwa fundi, hesabu ya tajiri haisubiri.

Umeme unapita wapi?

Ukibonyeza kitufe cha stata, umeme hauendi moja kwa moja kwenye mota. Kwanza unaamsha rilei, na rilei haiamki mpaka mzunguko wake ukamilike. Kwenye pikipiki nyingi zenye ulinzi huu, njia za kuukamilisha ni mbili. Ya kwanza ni swichi ya nyutro, iliyoko chini kwenye gia boksi. Ya pili ni swichi ya klachi, kidude kidogo chenye nyaya mbili pale mkono wa klachi unapofungwa kwenye usukani. Njia hizi ziko sambamba, kwa hiyo ikifunga moja tu, inatosha. Baadhi ya pikipiki zina swichi nyingine kwenye stendi ndogo, nayo imefungwa mfululizo na ile ya klachi. Hapo, kama una gia, lazima zote mbili zifunge.

Kumbe basi, kama inawaka kwenye nyutro na inagoma kwenye gia, betri, fyuzi na mota ni wazima. Njia ya pili ndiyo iliyokatika. Umeshapunguza kazi kabla hujashika spana.

Tahadhari moja: chungulia kama swichi ya klachi ipo kweli. Zipo pikipiki zilizotengenezwa ziwake kwenye nyutro tu, na hizo hazina ugonjwa. Hata kiki hazifanani. Kwenye baadhi, ukikamata klachi kiki inakuwa nyepesi na injini haizunguki kabisa, kwa sababu nguvu ya kiki inapitia kwenye klachi yenyewe. Hiyo lazima uitoe gia kwanza.

Majibu matatu ya pikipiki

Ipandishe kwenye stendi kubwa, tairi la nyuma lisiguse chini, na asisimame mtu mbele. Weka gia ya kwanza, kunja stendi ndogo, kamata klachi mpaka mwisho, kisha bonyeza stata.

Jibu la kwanza ni kimya. Kagua nyaya mbili za swichi ya klachi. Vumbi letu jekundu likichanganyika na maji ya mvua linaingia humo na kugandisha kila kitu. Safisha, kausha, jaribu tena. Bado? Chomoa nyaya hizo na ugusishe ncha zinazotoka kwenye pikipiki, klachi ikiwa bado imekamatwa. Stata ikiitika, swichi imekufa. Isipoitika, hamia kwenye swichi ya stendi ndogo na waya wake.

Jibu la pili: stata inazunguka kwa taabu, na tairi la nyuma linazunguka nayo. Hapa umeme hauna kosa. Klachi haiachii. Pima ulegevu kwenye ncha ya mkono wa klachi. Kwa pikipiki nyingi ni kama milimita 10 hadi 20. Ukizidi, kaza kwa nati ya kurekebishia waya. Ikiendelea hivyo hivyo, huenda pleti za klachi zimegandana au oili imechakaa, na hapo fundi anahitajika.

Jibu la tatu: inawaka vizuri kwenye nyutro, ukiingiza gia inazima. Angalia inavyozima. Ikizima taratibu, kama mtu amezungusha funguo, shuku swichi ya stendi ndogo. Ikistuka kwanza ndipo ikazima, rudi kwenye klachi isiyoachia.

Kuhusu kuunga dairekti

Dawa ya haraka ya mafundi wengi ni kuziunganisha nyaya mbili za klachi moja kwa moja. Inafanya kazi, tena bure. Lakini kuanzia hapo stata itazunguka hata kama una gia na klachi hujaikamata. Pikipiki imeegeshwa na gia pale karashani, mtoto anachezea kitufe huku funguo iko wazi, inaruka mbele na mzigo wake wa mawe. Ukikwama porini usiku, unga ufike nyumbani. Kesho yake nunua swichi, na kabla ya hapo usimwazime mtu bila kumwambia.

Kwa walimu watarajiwa

Sekondari tunafundisha mzunguko sambamba na mfululizo kwa Kiingereza, mwanafunzi anakariri, anafaulu au anafeli, yameisha. Wakati huo huo pikipiki imeegeshwa nje ya darasa ikiwa na somo zima kwenye nyaya zake. Nenda nayo dirishani, au chukua betri, balbu na swichi tatu, mwachie mwanafunzi aijenge. Akijua kwa nini swichi moja inatosha hapa na mbili zinahitajika pale, jina la Kiingereza litamkaa.

Zoezi: Pikipiki yenye swichi zote tatu iko gia ya pili, klachi imekamatwa, stendi ndogo iko chini. Stata itaitika? Na ikiwa nyutro, stendi hiyo hiyo ikiwa chini? Chora mzunguko kabla ya kujibu.

Majibu: kwanza hapana, pili ndiyo. Kama umepata kinyume, rudia sehemu ya njia mbili.