UHAKIKI WA RIWAYA: MAPENZI, KIWEWE NA ULEVI KATIKA ROSA MISTIKA

Malengo ya somo
Baada ya somo hili utaweza:
(a) kueleza jinsi ulevi, kiwewe na mapenzi vinavyohusiana katika riwaya moja;
(b) kupanga hoja yenye mfano na ufafanuzi;
(c) kuepuka kumhukumu mhusika badala ya kumhakiki.

Zingatia: Katika chumba cha mtihani tumia vitabu vilivyomo kwenye orodha ya karatasi yako. Riwaya hii tunaitumia kufundishia mbinu. Mbinu hiyohiyo itakufaa kwa riwaya yoyote yenye mlevi, mapenzi au familia iliyovunjika.

1. Mwandishi na kitabu
Rosa Mistika (1971) ni riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe. Baadaye aliandika Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Rosa Mistika ilizuiwa shuleni kwa muda kwa sababu inazungumzia waziwazi mambo ya ngono, ambayo jamii ilizoea kuyafunika. Jambo hilo ni la kukumbuka, kwa kuwa ukimya huo ndio unaomponza mhusika mkuu.

2. Muhtasari
Rosa ni binti wa Zakaria na Regina, wa kijiji cha Namagondo, Ukerewe. Zakaria ni mlevi, na ulevi wake unaivuruga nyumba. Rosa anapoandikiwa barua ya mapenzi na kijana aitwaye Charles, baba yake anampiga vikali. Tangu hapo Rosa anawaogopa wavulana. Anaingia shule ya sekondari ya wasichana akiwa na hofu nyingi na maarifa machache. Deogratias anamlaghai. Akiwa chuo cha ualimu Morogoro, Rosa anapoteza mwelekeo: anakuwa na wanaume wengi na anatoa mimba. Baadaye anakutana tena na Charles na wanapanga kuoana. Charles anapogundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua. Mwishoni mwandishi anawafikisha Rosa na baba yake mbele ya hukumu ya Mungu.

3. Dhamira
(i) Athari za ulevi katika familia
Watahiniwa wengi huandika hivi: "Ulevi wa Zakaria ulisababisha kifo cha Rosa." Sentensi hiyo imeruka hatua nyingi. Onesha mnyororo mzima: pombe inamfanya Zakaria ashindwe kuwa mlezi, anayeshindwa kulea hutumia fimbo mahali pa mazungumzo, fimbo inazaa hofu, hofu inamnyima binti nafasi ya kuuliza na kujifunza, asiyejua hudanganyika kwa urahisi. Kila hatua ina ushahidi wake kitabuni, na kila hatua ni hoja.

(ii) Kiwewe
Kiwewe ni jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kuogofya. Kipigo cha barua kilikwisha siku ileile, lakini jeraha lake halikupona. Kwanza Rosa anawakimbia wanaume wote, kisha anawakimbilia bila kuchagua. Usidhani hizi ni tabia mbili zinazopingana. Mzizi wake ni mmoja: Rosa hakupata kufundishwa kwamba mtu anaweza kupendwa bila kuumizwa.

(iii) Mapenzi na unafiki
Zakaria hawezi kuitawala chupa, lakini anataka kuutawala mwili wa binti yake. Charles anadai usafi kwa mchumba wake kana kwamba ubikira ndio utu. Wanaume walioshiriki kumharibu Rosa hawaulizwi lolote, ila yeye anaulizwa yote. Hapa mwandishi anaikosoa jamii inayompima mwanamke kwa mizani ambayo mwanamume hapandishwi.

(iv) Nafasi ya kupona
Uchumba na Charles ni jaribio la Rosa la kuanza upya. Jaribio linashindwa kwa kuwa msamaha haupo. Zakaria naye analaumiwa na kuogopwa, lakini hakuna anayemchukulia kama mtu mwenye ugonjwa unaohitaji tiba. Riwaya haina daktari wa uraibu, mshauri nasaha wala mwalimu wa kusikiliza. Utupu huo nao ni ujumbe.

4. Uhalisia wa dhamira leo
Mtihani hupenda kuuliza kama dhamira zina uhalisia. Jibu kwa kulinganisha. Ulevi, vipigo na malezi ya ukimya bado vipo. Kilichobadilika ni kwamba sasa uraibu unatambuliwa kuwa ugonjwa unaotibika. Kwa mfano, mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa dawa ya methadone kwa waraibu wa heroini, na Zanzibar zipo nyumba za upataji nafuu ambamo waraibu huishi pamoja wakijifunza maisha bila vilevi. Zakaria wa 1971 hakuwa na mlango wa kubisha. Zakaria wa leo anaweza kuupata, iwapo familia yake itavunja ukimya.

5. Fani kwa ufupi
Jina la kitabu: "Rosa Mystica" ni maneno ya Kilatini, waridi la fumbo, moja ya sifa za Bikira Maria katika litania. Mwandishi amempa jina hilo binti atakayekataliwa kwa kukosa ubikira. Hiyo ni kejeli kali.
Mandhari: kijijini Ukerewe, shuleni na chuoni. Rosa anabadilisha mahali, lakini jeraha anasafiri nalo.
Mtindo: mwisho wenye hukumu ya mbinguni unamlazimisha msomaji ajiulize nani hasa mwenye kosa.

6. Swali na jibu la mfano
Swali: "Rosa alijiangamiza mwenyewe." Jadili kauli hii.

Aya ya mfano: Kauli hii ina ukweli kwa kiasi. Rosa alifanya uchaguzi wake mwenyewe, hasa alipokuwa chuoni, ambako hakuna aliyemlazimisha kuwa na wanaume wengi. Hata hivyo, uchaguzi huo ulitoka katika nafsi iliyojeruhiwa. Baba alimpiga kwa sababu ya barua badala ya kumwelekeza, na hivyo Rosa akaingia ujanani bila silaha ya maarifa. Charles naye alimnyima nafasi ya kuanza upya. Kwa hiyo Rosa alishiriki katika anguko lake, lakini familia na jamii ndizo zilizomchimbia shimo.

Chunguza aya hii: inakubali upande mmoja, inapinga kwa mifano miwili, kisha inatoa msimamo. Neno "jadili" linadai pande zote mbili.

7. Makosa ya kuepuka
• Kusimulia hadithi nzima mahali pa kujenga hoja.
• Kumwita Rosa "malaya" na kuishia hapo. Hilo ni tusi, si uhakiki.
• Kuandika kwamba kujiua ni suluhisho. Riwaya inaonesha hasara: maisha yanakatika na waliomkosea wanabaki bila kujibu. Mtu aliyelemewa anahitaji kusikilizwa. Ukiona dalili hizo kwako au kwa mwenzako, mwendee mwalimu wa ushauri nasaha, mzazi au mhudumu wa afya unayemwamini.

8. Mazoezi
1. Eleza, kwa hoja tatu, jinsi ulevi wa mzazi unavyoathiri mapenzi ya mtoto anapokua.
2. "Ukimya ni mhusika katika riwaya." Thibitisha kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma.
3. Kama ungekuwa jirani wa Zakaria, ungefanya nini kabla Rosa hajaondoka nyumbani? Jibu kwa aya moja, ukihusisha na ujumbe wa mwandishi.