Mbwa wetu anaua kuku

SWALI: Mbwa wetu wa mwaka mmoja ameshaua kuku watatu wa kienyeji. Jirani anasema tumfunge kuku mfu shingoni ili akome. Je, itasaidia?

JIBU: Tafadhali, ndugu yangu, usifanye hivyo. Mzoga shingoni haumfundishi kitu, maana mbwa haunganishi adhabu ya leo na kosa la jana. Tena nyama inayooza huleta nzi na magonjwa. Kinachomchochea ni mwendo: kuku akitimka na kupiga mabawa, hamu ya kuwinda huamka hata kama mbwa ameshiba. Kumwongezea ugali hakutamzuia.

Anza na uzio. Wavu mwembamba wa kuku mbwa mwenye nguvu huupasua. Tafuta wa nyaya nene, na uufukie kama sentimita 30 ardhini, kwani atachimba.

Kisha mfundishe akiwa kwenye kamba, mbali na banda, mahali anapowaona kuku lakini bado anakusikia. Akigeuka kukutazama, mpe dagaa papo hapo. Sogeeni kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Akikodoa macho na kuganda, mmekaribia mno, rudini nyuma.

Hata akitulia, usimwache peke yake na kuku, sembuse vifaranga. Wapo mbwa wasiobadilika kabisa, na hao hutenganishwa na kuku maisha yao yote.