Dondoo muhimu: Uzito wa upande mmoja

Ukibeba dumu la lita 20 kwa mkono wa kulia, misuli ya ubavu wa kushoto ndiyo inayokaza zaidi, ili kiwiliwili kisilalie upande wa mzigo. Ni zoezi zuri, mradi ulifanye kwa makusudi: anza na uzito mdogo, tembea wima, kisha badili mkono. Upande dhaifu utangulie, na ule wenye nguvu usiuzidi kwa idadi ya marudio.

Chuma cha kunyanyua kwa mikono miwili ni habari nyingine: hapo uzito wa pande zote mbili ulingane. Hesabu sahani za uzito za pande zote kabla ya kulala kwenye benchi. Ukimaliza, zitoe kwa kupokezana pande. Ukizitoa zote za upande mmoja kwanza, chuma kinaweza kupinduka.